Makala Arobaini na Moja kwa Jina la Baba

Sanduku langu la safari limekaa nyuma ya mlango tangu mwanzo wa mwaka, na kila anayeingia hulipiga teke. Ndani mna nguo za kazini, vyeti vyangu, na mashuka mawili meupe aliyoyashona Baba mwenyewe, akayatia pindo la buluu, siku nilipomwambia nimepata kazi Kigali. Sikuwahi kuyatandika huko. Siku hizi nalala kwenye mkeka sebuleni, kwa sababu kitandani kwangu hulala watu nisiowajua, na watu hao niliwaita mimi. Niliwaita kwa Kifaransa, mara arobaini na moja, kwa jina la baba yangu.

Baba ni fundi cherehani hapa Kamembe, mji wa mpakani wilayani Rusizi. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka msikitini, na wapo wanaovuka kutoka Bukavu kwa ajili ya kanzu zake tu, wakapimwa, wakanywa chai, wakarudi kwao kabla mpaka haujafungwa. Mama alishafariki, tumebaki wawili nyumbani. Ndugu yake Baba, baba yangu mdogo, ndiye mwenye mali katika ukoo wetu. Ana nyumba ya wageni kwenye barabara inayoteremka Cyangugu, ghorofa moja, vyumba tisa, na ubao mkubwa mbele uliochorwa samaki anayecheka. Nilipomaliza masomo nikakaa mwaka mzima bila kazi, yeye ndiye aliyeniita akanipa kompyuta, meza nyuma ya mapokezi, na kazi ambayo hata yeye hakujua inaitwaje.

"Muntu akitafuta hoteli ya Rusizi ku telephone," alisema, "nataka anione miye mbele. Bengine banifuate."

Mtu mmoja wa Kigali, mjuzi wa mambo hayo, alikuwa amemweleza kwamba mitandao ya kutafutia hukupandisha ukionekana unatajwa na tovuti nyingine nyingi. Na zipo tovuti ziitwazo saraka za makala. Unaandika makala, wanaiweka bure, na mwishoni wanakuruhusu kuweka kiungo, ukibonyeza unafikishwa kwenye tovuti yako. Mtu huyo alimtumia orodha ya saraka ndefu hata kidole changu kilichoka kuishusha. "Chagua," akaniambia baba mdogo, akaenda zake kunywa chai.

Nikachagua, tena kwa moyo. Kuchagua ni jambo ninalolipenda, nimelirithi kwa Baba, mtu anayeweza kumaliza asubuhi nzima juu ya vifungo vya koti moja. Nilichukua daftari la shule nikapiga mistari. Kila saraka niliifungua, nikasoma makala tatu. Zikiwa ni makala moja iliyobadilishwa nguo, naikata. Isipokuwa na mhariri wala mahali pa kumwandikia, naikata. Nikikuta dawa ya kutibu kila ugonjwa imekaa jirani na tangazo la kamari, naikata kwa mistari miwili. Na kama saraka yenyewe ukiitafuta huioni, nilicheka peke yangu: imepotea yenyewe, itamwelekeza nani? Baada ya juma moja nilibaki na sita. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa saraka ya zamani ya wasafiri, kwa Kifaransa, iliyohaririwa na mama mmoja aliyejibu barua kwa mkono wake.

Huyo mama alinirudishia makala yangu siku ya pili. Aliuliza: mwandishi ni nani? Ameingia ndani ya nyumba hiyo? Anajua nini ambacho mimi siwezi kukijua kwa kutazama picha? Nilikasirika sana, na nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki. Singeweza kutia jina langu, mimi mtoto wa kaka yake mwenye nyumba na mfanyakazi wake juu. Ndipo nikamfikiria Baba.

Huku kwetu mpakani tuna jambo tunaloliita kusimamia. Mtu akivuka kutoka ng'ambo, akataka kupanga chumba au kuweka magunia yake ghalani kwa mtu, haulizwi kwanza jina lake. Anaulizwa, "Nani anakujua?" Lazima mmoja asimame aseme, "Miye namujua." Hakuna karatasi inayoandikwa. Lakini kuanzia hapo kosa la yule ni lako wewe uliyesimama. Akichafua, utasafisha. Nilipokuwa mdogo nilimwona Baba akipaka chokaa ukuta wa nyumba ambayo hajawahi kukaa hata siku moja, kwa sababu mtu aliyemsimamia alipikia makaa ndani, ukuta wote ukawa mweusi. Mimi ndiye niliyemshikia ndoo.

Kwa hiyo nilipomweleza kwamba kuna mama mbali huko anataka kujua ni nani anayesimamia maneno juu ya nyumba ya mdogo wake, Baba hakuniuliza saraka ni kitu gani. Aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Anataka mudhamini," alisema.

"Njo vile, Papa."

"Ni maneno ya kweli?"

"Ya kweli, Papa."

"Basi nitaenda kuona."

Alikwenda Ijumaa baada ya sala, na kanzu yake nzuri. Alifungua mabomba ya vyumba vyote tisa. Alikaa juu ya kila kitanda akaliminya godoro kwa vidole kama anavyominya kitambaa. Alitazama ziwa kutoka kila dirisha, akauliza umeme ukikatika wageni wanafanya nini. Baba mdogo alimfuata nyuma akicheka, akimwita mkaguzi. Aliporudi aliniambia, "Iko muzuri. Andika jina yangu." Nikaandika aliyoyaona, kwa ufupi, vile anavyosema yeye. Mhariri aliiweka siku ileile, akatuma shukrani zake kwa mzee fundi.

Hiyo ni makala moja. Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa Kigali.

Baada ya majuma matatu baba mdogo alitafuta kwenye simu yake, akajikuta yuko wa kumi na saba. Alikuja mezani kwangu na ile simu ameinyoosha kama mtu aliyeokota panya.

"Umeandika ku ngapi?"

"Sita."

"Sita? Ule wa Kigali alituma orodha murefu vile, weye unachagua sita? Uko unachagua bwana wa kukuoa? Andika ku zote!"

Nilijaribu kumweleza, naye akasema kuna vijana wengi wanaojua kuandika. Nilijua kukaa bila kazi kulivyo. Nikaufyata ulimi. Nikafungua daftari nikaanza kuifuta mistari niliyokuwa nimekata. Kuchagua kwangu kukageuka ndani nje: sasa nilitanguliza zile zisizosoma, zile ambazo ukibonyeza tu makala imeshapanda. Ningepaswa kuona kwamba huko kulikuwa na kitufe cha kuingiza makala na hakukuwa na cha kuitoa. Zilikuwa kama mtego wa panya, una njia moja tu.

Kila saraka ilitaka jina la mwandishi. Kompyuta ilikuwa imelishika la Baba kutoka ile makala ya kwanza, nikibonyeza herufi moja inalimalizia yenyewe. Nikaliacha. Ningeweza kuandika jina lolote, hata la samaki wa kwenye ubao. Ninalisema hili ili mtu asiharakishe kunionea huruma.

Tena makala hazikutakiwa kufanana, maana mitandao ya kutafutia hutambua nakala. Kwa hiyo kila mara nilibadilisha maneno, na maneno yakibadilishwa sana huanza kutembea. Kwenye makala ya kumi ziwa lilikuwa limesogea. Kwenye ya ishirini lilifika ngazini. Kwenye ya thelathini kila mgeni alikuwa na ufukwe wake. Na kwenye ya arobaini na moja Baba, ambaye anaogopa maji hata akikaa nchi kavu, alikuwa anawaalika wageni waamke naye alfajiri wapige makasia. Zote zina jina lake na kazi yake: fundi wa Kamembe.

Baba mdogo alipanda hadi wa nne. Alininunulia soda. Miezi michache baadaye mitandao ikaacha kuziamini saraka za namna ile, akaporomoka hadi mahali ambapo hakuna anayefika. Makala zenyewe zikabaki zinaelea, kila moja peke yake, zikingoja wasomaji. Naye alikata tamaa na biashara. Pampu iliharibika hakuitengeneza. Vyumba vinne akawapa wafanyabiashara waweke magunia ya dagaa. Jirani alijenga ukuta, ziwa likatoweka. Mimi nilishaacha kazi kwake, na kuacha kwenyewe kulikuwa raha, maana nyumba moja ya vitabu vya shule huko Kigali ilikuwa imenikubali niwe msahihishaji. Baba akashona mashuka.

Ilibaki siku mbili nisafiri. Nilikuwa nimekaa kibandani nikimshonea vifungo, wateja wawili wanasubiri, mara akaingia mama mmoja wa Bukavu na binti yake mwenye mguu uliofungwa plasta. Walikuwa wanangoja basi la alfajiri kwenda Kigali kwa daktari. Mama yule alikuwa ameshika simu.

"Ni hapa kwa ule mzee fundi mwenye aliandika ju ya hoteli?"

Baba akavua miwani. "Hoteli gani, Maman?"

Akasoma kwenye simu, akitafsiri kwa sauti ili kila mtu asikie: "'Miye, fundi wa Kamembe, nilioga maji ya moto, nikatelemuka ku ufukwe wangu.' Mzee, maji haiko. Bametupa chumba ya juu, mutoto hawezi kupanda, na mu chumba munanuka dagaa. Nilijisemea, muntu mukubwa ametia jina yake, hawezi kudanganya. Ni weye?"

Baba alinitazama mara moja tu. Angeweza kusema ni mtoto wangu huyu, mpigieni kelele yeye, na ningestahili. Alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akaifunika cherehani.

"Njo miye, Maman," alisema, yaani ndiye mimi. "Unisamehe. Leo mutalala kwangu."

Nilimbeba yule binti mgongoni hadi nyumbani. Nikamtandikia kitandani kwangu, nikachemsha maji kwenye makaa, nikampelekea mama yake ndoo. Maji ya moto angalau walipata.

Basi lao lilipoondoka, Baba hakwenda kibandani. Alikaa kwenye kiti chake, akaniuliza, "Ziko ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Miye niliona moja."

Alitaka zote. Nikamsomea, nikitafsiri, hadi adhuhuri. Kwenye ile ya ishirini aliuliza ngazi hizo zinazoingia ziwani ni zipi. Kwenye makasia alijifuta uso kwa kiganja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilipomaliza aliniambia neno moja: "Zitoe."

Niliwaandikia Kigali wanipe juma moja. Nikaandikia saraka zote. Ya yule mhariri iliondolewa saa ileile, naye akauliza kama mzee amepatwa na jambo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kweli, ile niliyoichagua vizuri, na ndiyo peke yake iliyokubali kutoka. Zile arobaini, hata za zile saraka tano nilizozichagua pamoja nayo, hazikuwa na mtu tena. Barua zilirudi, au mashine ilinijibu ikinishukuru na kunialika nitume makala zaidi. Saraka moja ilikuwa imeangukia mikononi mwa watu wa kamari. Jina la Baba, ambaye hajawahi kucheza hata karata, limekaa pale juu ya picha ya dadu.

Nao wakaendelea kuja. Muuguzi aliyechelewa mpaka. Dada wawili waliokuwa wanapanda ndege hapa Kamembe asubuhi. Mzee mmoja na kuku wake, na kuku walilala jikoni. Kila mara, "Niko natafuta ule mzee fundi," na kila mara Baba anasema, "Njo miye." Niliwaomba Kigali juma jingine, kisha jingine. Baba alisema, "Enda, mwanangu, nitabapokea miye." Lakini macho yake yameisha, sindano anaitia uzi kwa kupapasa. Ningemwachaje abebe sufuria za maji yanayochemka kwa ajili ya wageni niliowadanganya mimi?

Maji yalinifika shingoni. Nilichukia kubishiwa hodi. Nilichukia harufu ya sabuni ya wageni kwenye mto wangu. Ziko siku nilimchukia hata yeye, na nilimwambia. Nilisimama katikati ya sebule nikapiga kelele hadi jirani akazima redio: kwa nini hawezi kufanya kama watu wengine, aseme si yeye? Si yeye kweli! Baba alingoja nimalize.

"Banaamini jina," alisema. "Jina iko yangu."

Ndipo likanijia wazo. Kama makala haziondoki, zinaweza kufunikwa. Niweke juu yake moja ya kweli, anayetafuta aikute kwanza, aonywe, asije. Nilimwandikia yule mhariri nikamweleza kila kitu, dhambi zangu zote. Alijibu, "Mwambie mzee aseme mwenyewe, nami nitaiweka."

Baba akasema, nikaandika. Yeye ni fundi wa Kamembe. Zipo makala arobaini zenye jina lake, na yaliyomo hakuyaona. Pampu imekufa. Ziwa liko nyuma ya ukuta wa mtu mwingine. Hakuna ufukwe, na yeye hajui kupiga kasia. Msiende pale kwa sababu yangu. Niliandika kwa furaha. Huo ulikuwa ufunguo wangu. Nilikuwa nimeshaliona basi, nimeshaiona meza yangu Kigali.

"Ongeza," Baba alisema. "'Na kama umeishafika, huna pa kulala, kuya ku kibanda yangu karibu na musikiti.'"

"Papa, hapana."

"Ongeza."

"Batakuya bote, Papa! Sitaondoka hapa hata siku moja!"

Niliandika sentensi ile ya kuwakaribisha nikilia wazi, sikujificha. Baba hajui Kifaransa. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufutia, na kama ningekibonyeza mara chache tu, asingejua kamwe.

Akauliza kama alivyoniuliza mara ya kwanza: "Ni maneno ya kweli?"

Nikamsomea yote tangu mwanzo, na ile ya mwisho nayo, maana alikuwa ananisikiliza kwa kichwa kilichoinama, vile anavyosikiliza cherehani kujua kama kuna uzi umekatika. Kisha nikatuma vilevile.

Mhariri hakugusa hata nukta. Na watu wakaipenda. Wasafiri wakaitaja kwenye tovuti zao, chama fulani cha walimu kikaitaja, parokia ng'ambo ikaitaja, wote bila kuombwa, wakati mimi nilishabisha hodi kwenye milango arobaini nikiomba kutajwa. Katika majuma hayohayo barua ilikuja kutoka Kigali. Wamempata mwingine, wananitakia kila la heri.

Alhamisi iliyopita, mvua imenyesha tangu asubuhi, mlango ukabishwa baada ya sala ya alasiri. Mke na mume, mtoto mchanga mgongoni, begi moja limelowa. Wamechelewa mpaka. "Tuko tunatafuta ule mzee fundi," mwanamke alisema. Nikamuuliza swali ninalowauliza wote, ni makala gani iliyowaleta, kwa kuwa ninaweka alama kwenye lile daftari la shule nikitumaini kuona zinapungua. Akanipa simu. Alikuwa ametafuta hoteli ya Rusizi. Kabla ya hoteli zote, juu kabisa, wa kwanza, alikuwa Baba.

Kwa kazi yote ile niliyomfanyia baba mdogo, sikuwahi kumfikisha hapo.

"Ni hapa," nilisema. "Mukaribie."

Mashuka yote ya nyumbani yalikuwa kwenye kamba, yananyeshewa. Nililivuta sanduku kutoka nyuma ya mlango, nikalifungua, nikatoa yale mawili yenye pindo la buluu. Bado yalikuwa na mikunjo ya pasi ya Baba. Nikawatandikia.